Jibu: CD56 peke yake haitoshi

Ndugu, umeuliza kama CD56 (protini ya seli inayotafutwa kwa rangi maalumu chini ya hadubini) iliyoshika rangi peke yake kwenye kipande kidogo cha pafu inathibitisha uvimbe wa nyuroendokrini, yaani wa seli zenye sifa za neva na za kutoa homoni. Haithibitishi, kwa kuwa hushika pia seli za kinga za NK na baadhi ya saratani nyingine. Ongeza protini nyingine za alama ya nyuroendokrini: sinaptofizini na kromogranini A, zinazoonekana kwenye saitoplazimu (sehemu ya seli iliyo nje ya kiini), pamoja na INSM1, ambayo rangi yake ya kahawia hukaa ndani ya kiini cha seli na hivyo, kwa maoni yangu, husomeka kwa urahisi zaidi pale seli zilipopondwa na koleo la kuchukulia kipande. Ki-67, inayoonyesha asilimia ya seli zinazogawanyika, nayo usiiache: ikiwa chini, usiharakishe kuandika saratani ya seli ndogo, ambayo Ki-67 yake kwa kawaida huzidi asilimia 50.