Maswali ya Wasomaji: Kisu cha Tupa na Ala Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitengeneza kisu cha uwindaji kutokana na tupa kuukuu kwa kuisaga kwenye mashine ya kunolea, nikiichovya majini kila ilipopata moto, kisha nikakishonea ala ya ngozi. Nilipochuna mnyama wa kwanza makali yalimeguka kwenye kiungo cha paja. Nyuzi za ala zimekatika upande wa ncha, na bapa linashika kutu. Je, nianze upya?

JIBU: Usikitupe kisu hicho, ndugu msomaji, kwa maana kuisaga tupa polepole na kuipoza kwa maji ndiyo kazi iliyotakiwa, na kilichobaki ni hatua moja tu. Tupa hutoka kiwandani ikiwa ngumu mno ili iweze kukwangua chuma kingine, na ugumu wa namna hiyo huja pamoja na wepesi wa kuvunjika. Ondoa mpini, safisha bapa, ukiweke kisu ndani ya jiko la kuokea lenye joto la nyuzi 200 hadi 220 za Selsiasi kwa muda wa saa mbili, kiache kipoe, kisha urudie mara ya pili. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa kitageuka rangi ya nyasi kavu, na hiyo ni dalili kwamba kimepungua ugumu kidogo na kupata ustahimilivu. Baada ya hapo saga makali hadi upite sehemu zilizomeguka.

Chunguza mambo mawili kabla ya kurudisha mpini. Kwanza, alama zozote za meno ya tupa zilizosalia ziondolewe kabisa, kwa sababu ufa hupenda kuanzia kwenye mfereji mdogo kama huo. Pili, ikiwa wakati wa kusaga makali yaliwahi kugeuka buluu, sehemu hiyo imelainika na haitakaa na ukali. Isage mpaka uiondoe.

Kuhusu ala, naamini hukuweka ukanda wa kati, kosa ninaloliona mara nyingi kuliko jingine lolote. Kati ya pande mbili za ngozi, kwenye ukingo wa makali, hutiwa ukanda mwembamba wa ngozi ngumu unaofuata umbo la kisu hadi kwenye ncha, ili makali yakutane na ngozi badala ya uzi. Gundisha tabaka zote tatu, toboa matundu, kisha shona kwa uzi mmoja uliopakwa nta wenye sindano kila mwisho, sindano zote mbili zikipita katika kila tundu kutoka pande tofauti. Mshono huo ukikatika mahali pamoja, uliobaki bado hushika.

Kutu nayo huenda inatokana na ngozi yenyewe. Ngozi iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu inaweza kula chuma, kwa hiyo tafuta ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti, yenye unene wa milimita 3 hivi, ambayo pia hushika umbo la kisu ikiloweshwa na kuachwa ikauke. Hata hivyo, ngozi yoyote hunyonya unyevu: ala ni ya kubebea kisu porini, na ukirudi nyumbani kifute, ukipake mafuta kidogo na ukihifadhi nje ya ala.