Jibu: Mzigo wa vyuma chakavu wenye alama ya mionzi, Horohoro

Salaam ndugu. Nimekuelewa: vyuma chakavu umevinunua upande wa Kenya, unavileta Tanga kupitia mpaka wa Horohoro, na ndani umeona kopo dogo zito lenye alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu. Mwenzako anasema ukiwa na cheti cha uasili cha Afrika Mashariki, yaani cha kuthibitisha bidhaa imetoka nchi mwanachama, linapita tu.

Kabla ya karatasi, hilo kopo. Msilifungue wala kulikata, hata kama kwa nje linaonekana ni madini ya risasi tu. Wasogezeni vijana mbali, toeni taarifa polisi na kwa mamlaka ya mionzi ya huko liliko. Usilipakie. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, chombo cha hospitali kiliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kikafunguliwa, wakafa watu 4. Vijana wetu wa gereji hukata kila kitu, ndiyo maana nakusisitiza.

Cheti kinakuondolea ushuru, basi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina jedwali la pili la bidhaa zilizokatazwa na zenye masharti, na cheti hakilifuti. Huku kwetu Tanzania mionzi iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Kemikali ni Mkemia Mkuu. Mimi kazi yangu ni uwakala wa forodha, na mzigo wa aina hii siandiki tamko mpaka kibali kiwe mkononi. Ada waulize wenyewe, hubadilika.

Na anayekushauri upitie bandari bubu, achana naye kabisa.