Barua kwa mwanangu: Ubongo wa ami yako haujalala

Wete, Pemba

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifikia, na sisi sote hapa tu wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza jambo ambalo watu wa nyumba hii wanalinong'ona tu: vipi ami yako, ambaye daktari amethibitisha kuwa ana ugonjwa wa Parkinson, aweze kupanda ngazi za msikiti bila ya kushikwa mkono, kisha agande kwenye kizingiti cha chumba chake mwenyewe? Ukaongeza: ubongo wake umekufa, umelala, au anajitia? Nimesomesha bayolojia skuli miaka mingi, kwa hiyo niwie radhi nikikujibu kwa urefu.

Hajitii. Wala ubongo wake haujalala. Baadhi ya sehemu zake zinafanya kazi kupita kiasi.

Juu ya shina la ubongo iko sehemu nyeusi, ambayo weusi wake huonekana kwa macho matupu ubongo ukipasuliwa. Seli za neva za hapo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini na kuipeleka kwenye viini vilivyomo ndani kabisa ya ubongo, vinavyosaidia kuanzisha mwendo na kuupa ukubwa wake. Seli hizo ndizo zinazokufa. Mwaka 1960, Oleh Hornykiewicz na mwenzake huko Vienna walionyesha kwamba bongo za waliofariki wakiwa na ugonjwa huu zilikuwa zimepungukiwa vibaya na dopamini katika viini hivyo. Mpaka dalili zidhihirike, seli nyingi huwa zimekwisha kupotea. Ami yako alipokuwa akichambua karafuu, mashada ya mwanzo yalikwenda upesi, kisha kiganja kikawa kizito na mzunguko wake ukapungua, hata makonyo yakawa yanatupwa na karafuu zake. Daftari lake la pishi za karafuu nalo lilieleza hayo hayo, kwani kila mstari ulianza kwa hati yake ya kawaida ukamalizikia kwa herufi ndogo zisizosomeka. Sisi tukasema ni utu uzima.

Wengi wakifika hapo husita, wakidhani maelezo yamekamilika: seli zimekufa, basi. Lakini lililo geni zaidi ni lile linalozipata seli zilizobaki hai. Katika viini hivyo, dopamini ikipungua, makundi makubwa ya seli huanza kurusha umeme kwa mpigo mmoja, takriban mara 13 hadi 30 kwa sekunde. Mimi na wewe pia tunao mpigo huo, ila kwetu hufifia kabla ya kunyanyua mguu, ukaipisha amri ya mwendo ipite. Kwa mgonjwa hubaki na nguvu na hauachi nafasi. Fikiria baraza ambayo watu wote wanatamka neno lile lile kwa pamoja: sauti ni kubwa, lakini habari hakuna.

Hayo yamejulikana kwa kusikiliza ndani ya ubongo wa watu walio hai. Mwaka 1987, Alim-Louis Benabid na wenzake mjini Grenoble, Ufaransa, walianza kutuliza mitetemeko kwa umeme wa kasi unaopitishwa kwenye nyaya nyembamba zilizopenyezwa ndani ya ubongo. Waya unaoweza kupeleka umeme unaweza pia kuupokea, na wataalamu waliotega nyaya hizo katika kiini kidogo kilicho chini ya thalamasi, sehemu ya katikati ya ubongo inayopitisha habari, waliona kwamba mgonjwa akimeza levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, ule mpigo hupungua na ukakamavu wa viungo hulegea pamoja nao. Mtetemeko una hesabu yake mbali, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na ubongo mdogo wa kisogoni unahusika nao; ndiyo maana wapo wanaotetemeka kidogo sana na hali ni wazito mno.

Sasa turudi kizingitini. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba mgonjwa anapotaka kuanza mwendo kwa hiari yake tu, eneo la utosini linaloutayarisha mwendo huo hufanya kazi kwa uchache, huku ubongo mdogo na njia zinazotegemea macho zikijitahidi kuziba pengo. Ukingo wa kila ngazi ya msikiti ni mstari anaouona, nao humwongoza mguu. Mlangoni hakuna mstari wa namna hiyo, na uwazi mwembamba wenyewe humkwamisha. Kaka yako alichora mistari ya chaki kuvuka njia ya mlango, na ami yako akanyanyua mguu kwenye mstari wa kwanza kama asiye na maradhi. Lakini kutembea hivyo kunamla umakini wote. Mtu akimwita akiwa katikati, anasimama, na kumsukuma kutamwangusha.

Majirani wanasema amechezewa, na siwalaumu, maana ugonjwa unaomruhusu mtu kupanda ngazi kisha ukamzuia mlangoni kwake una sura ya mchezo wa mtu. Hata bara, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, wagonjwa wengi waliowapata walikuwa hawajawahi kuambiwa ugonjwa wao.

Kuhusu upupu uliosikia unatibu: ni kweli kwamba mbegu zake zina levodopa. Hata hivyo kiasi chake hutofautiana mbegu na mbegu, naye tayari anameza vidonge vyenye dawa hiyo hiyo, kwa hiyo nimekataa asipewe. Vidonge vya asubuhi anavimeza nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu protini ya samaki hugombania na dawa njia ile ile ya kuingia mwilini. Kaka yako alikuwa akimpa pamoja na mchuzi, na hapo ndipo siku zake nzito zilipozidi.

Ukizungumza na daktari wa huko Dar es Salaam, muulize kama dozi ya mchana inaweza kugawanywa mara mbili, kwani baada ya adhuhuri nguvu yake huisha kabla ya wakati wa kidonge kingine. Vilivyopo vinatutosha mwezi huu, na haifai vikatike ghafla.

Baba yako