Simiti Imepungua, Je, Mtunza Stoo Afutwe?

SWALI: Ninasimamia duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Hesabu ya mwezi imeonyesha upungufu wa mifuko 14 ya simiti. Mwenye duka anataka mtunza stoo afutwe Jumamosi na mshahara wake ukatwe. Wenzake wanasema alionekana akipakia mkokoteni usiku. Nifanyeje?
Msimamizi, Kisumu

JIBU: Kwanza hakikisha kuna kilichoibwa. Hesabuni upya, watu wawili, mmoja asiwe wa stoo, na duka likiwa limefungwa; mzigo ukiingia au kutoka mkihesabu, jumla itaharibika. Kama mlianza mwezi na mifuko 120, mkapokea 400, mkatoa 431, inapaswa kubaki 89.

Hiyo 431 ndiyo ya kuchunguza. Mifuko iliyopasuka iliandikwa? Iliyopelekwa tawi lingine? Ya fundi aliyechukua kwa deni? Upande wa kupokea nao una matatizo yake: lori likifika jioni, mtu hutia sahihi kabla mzigo haujashushwa. Linganisha ankara, hati ya dereva na daftari la stoo, tarehe kwa tarehe. Taarifa ya tili ya M-Pesa ina saa ya kila malipo. Malipo yasiyo na risiti huenda ni simiti iliyouzwa bila kuandikwa.

Kuhusu mkokoteni, mhoji kila shahidi peke yake. Ni siku gani, saa ngapi, alisimama wapi, taa ilikuwa inawaka? Aliona mwenyewe au alisimuliwa? Ukiwakalisha pamoja utapata habari moja kwa sauti nne. Andika maneno yake siku hiyohiyo, umsomee, atie sahihi. Uliza pia nani wana funguo, mwenye duka akiwemo, hata akinuna.

Ushahidi ukimwelekea mtunza stoo, bado hafutwi hivihivi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua. Mkipuuza hilo, mahakama yaweza kuwatoza fidia ya hadi mshahara wa miezi 12.

Makato nayo yana masharti. Kwa mali iliyopotea, kifungu cha 19 kinaruhusu kiasi cha haki tu, na iwe hasara ilitokana na kosa lake la makusudi. Makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara.