Homu thieta haikuwa mbovu, sebule yangu ndo ilikuwa mbovu

Aisee nilikaa miezi minne naamini nimeuziwa kimeo. Muvi ikianza watu wanaongea kama wako ndani ya pipa, naongeza sauti nisikie maneno, likilipuka bomu madirisha ya alumini yote yanalia na jirani anagonga ukuta. Nikairudisha dukani, wakaifunga palepale, inaimba safi kabisa. Nikarudi nayo na aibu yangu.

Kumbe shida ni chumba. Chini tailizi, juu jipsamu, kuta tupu, dirishani kipazia cha urembo. Simama katikati ya sebule yako upige kofi moja la nguvu, ukisikia kimlio cha "trrri" kinafuata ujue sauti inadunda ukuta kwa ukuta na maneno yanakufikia yamegongana. Mi nilibeba kapeti la chumbani nikalitandika kati ya TV na kochi, nikaweka mapazia mazito, nikapiga kofi tena, kimlio karibu chote kimekufa. Zile trei za mayai za kubandika ukutani achana nazo, utafuga mende tu.

Halafu spika. Zote tano nilizipanga kwenye shokesi, hadi za nyuma, kisa waya mfupi! Waya unauzwa kwa mita jamani. Za nyuma zikae ubavuni mwa kochi, zirudi nyuma kidogo, juu ya masikio kidogo. Ile ya katikati ndo inabeba maongezi, na mi nilikuwa nimeisukumia ndani kabisa ya shelfu, nikaivuta mpaka ukingoni nikaiinua pua kwa kipande cha ndala ielekee usoni, maneno yakatoka. Na ukifunga waya uangalie nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, ukipishanisha spika moja besi inapotea.

Sabufa nayo, lile boksi la besi, nilikuwa nimeichomeka kwenye kona, kila kitu kikawa vuuum. Dawa yake iweke juu ya kochi pale unapokaaga, weka wimbo wenye besi, halafu tambaa kwa magoti kufuata kuta ukisikiliza, pale besi inaposikika nzito lakini haivumi ndo pa kuiweka. Shemeji yenu aliingia akanikuta natambaa akauliza nimepoteza nini. Yangu iliangukia kama hatua mbili kutoka kona, pembeni ya kabati.

Sasa hivi deni nililonalo ni la kapeti la chumbani, naulizwa kila asubuhi.