Shemeji na ile asilimia 81

Machi, mvua ikinyesha Iringa nzima, shemeji alirusha picha kwenye grupu la ukoo. Kijana mweusi kafunika uso, kashika bastola, pembeni kuna orodha ya asilimia. Mstari mmoja ulisema asilimia 81 ya Wazungu wanaouawa Marekani huuawa na watu weusi. Chini shemeji kaandika: "Namba hazidanganyi."

Nilimjibu palepale, aya tatu za hasira. Baba mkwe yumo kwenye grupu, wajomba wamo. Shemeji akajibu kwa aya nne. Ndiyo maana nakushauri: usimbishie mtu mbele ya wakwe zake. Hata akijua kakosea, atakufa na neno lake.

Jumapili nikamfuata kwake Ipogolo. Akaleta ulanzi, pombe ya mianzi, mtogwa bado, haujachacha. Sikuigusa Marekani. Nilimuuliza, "Shemeji, eti sisi Wahehe tunajinyonga?"

Akakunja uso. Kila akienda Dar hakosi wa kumuuliza kama kabeba kamba. Wapo wanaosema tumerithi kwa Mkwawa, chifu wetu aliyejiua 1898 Wajerumani wasimtie mkononi. Mkwawa alijipiga risasi. Hiyo kamba imetoka wapi sijui. Wakamkata kichwa wakaenda nacho, enzi ambazo mafuvu ya Waafrika yalipelekwa Ulaya kupimwa ili watu wapangwe madaraja. Fuvu lilirudishwa 1954, lipo hapo Kalenga. Ukishaliona, jedwali la rangi na tabia hulipokei hivihivi.

Ndipo nikamtolea ile picha. Donald Trump aliisambaza Novemba 2015, akiwa mgombea urais. Ofisi ya takwimu ya San Francisco iliyotajwa humo kama chanzo haipo. Nikampa hesabu za FBI za 2014, za matukio yenye aliyeuawa mmoja na mshukiwa mmoja: Wazungu waliouawa 3,021, waliouawa na Wazungu wenzao 2,488, waliouawa na weusi 446. Sikumtajia jibu. Nilimpa simu, abonyeze mwenyewe. 446 gawanya kwa 3,021, zidisha mara mia. Ikaja 14.76. Akafuta, akarudia. Ikaja ileile.

"Sawa," akasema, "lakini weusi si ndio wanaokamatwa zaidi kwa mauaji?"

Hapa wengi wetu huanza kukwepa, na ukikwepa umeshindwa. Nilikubali. Weusi ni kama asilimia 13 ya Wamarekani, na katika ripoti ya FBI ya 2019 walikuwa kama nusu ya waliokamatwa kwa mauaji. Ila nusu ya waliokamatwa si nusu ya weusi. Weusi waliokamatwa ni elfu nne na ushee; weusi wa Marekani wanazidi milioni 40. Yaani katika watu elfu kumi, mmoja. Mwaka huohuo zaidi ya nusu ya waliouawa walikuwa weusi pia, na hilo wachora picha hawaliandiki.

Tena kukamatwa kunategemea polisi kasimama wapi. Trafiki akikaa siku nzima kwenye kijiwe cha bodaboda, jioni daftari lake litasema wavunja sheria wote ni bodaboda. Kwa bangi, ripoti ya 2020 ya ACLU, shirika la kutetea haki za raia huko, ilionyesha weusi wa Marekani wakikamatwa, kwa uwiano wa idadi yao, zaidi ya mara tatu ya Wazungu, wakati uvutaji wao unakaribiana.

Kwa hiyo mtu akikuletea asilimia, muulize: ya kina nani, kati ya kina nani, na nani kahesabu? Uliza kwa upole, uwe umekaa.

Picha shemeji hakuifuta, mpaka leo ipo kwenye grupu. Alinijazia bilauri, akafikiri kidogo, akasema, "Haya. Na Wakinga na zile hela zao, nao wanasingiziwa?"




Nikamwambia tumalize kwanza ulanzi.