Nyanya za Mtwara zinataka kivuli, si nailoni

Mvua zikishakatika mwezi wa tano, watu wanaotaka kuanzisha bustani nyumbani huniuliza kwanza bei ya kitalu nyumba. Wameona picha: nailoni nyeupe, nyanya zimening'inia mpaka juu. Jibu langu huwaudhi. Kwa sisi wa Mtwara na Lindi, hela ya nailoni kanunulie neti ya kivuli na samadi.

Nailoni huzuia joto lisitoke. Kwenye baridi ya Njombe ina maana, kwetu joto ni la kumwaga. Ingia kwenye kitalu cha nailoni mwezi wa kumi na moja saa nane mchana, kisha tuzungumze. Joto likipita nyuzi 35, chavua ya nyanya huharibika: mche unanenepa, unatoa maua ya kupendeza, halafu maua yote yanapukutika. Hapo mwenye duka la pembejeo ndiye anayetukanwa kwamba kauza mbegu feki, maskini.

Kibanda changu hapa Mikindani ni nguzo za mianzi, juu neti nyeusi ya kivuli, ubavuni neti ya wadudu yenye matundu madogo. Neti huuzwa kwa asilimia ya kivuli. Kwa nyanya sizidi 50. Ukichukua ya 75 miche itarefuka bila kuzaa. Paa liwe juu, mita tatu hivi, hewa ya moto ipate pa kukaa mbali na mimea. Mlango usitazame upepo wa kusi. Nailoni nina kipande kimoja tu, nafunika kitalu cha miche wakati wa masika, pande zote nne wazi.

Neti ina kasoro yake: nyuki hawaingii. Nyanya hujichavusha zenyewe, ila zinataka kutikiswa, kwa hiyo asubuhi napita nikigongagonga kamba zilizoshikilia miche. Matango ya kawaida ni kazi zaidi. Chuma ua dume, lile lisilo na kitango kidogo nyuma yake, ulipakaze katikati ya ua jike kabla jua halijawa kali. Usipofanya hivyo vitango vinageuka njano na kudondoka.

Kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, naye haji kwa kuruka tu. Anasafiri ndani ya matenga na miche ya kununua. Tenga la nyanya za sokoni likija nyumbani liishie jikoni, lisisogezwe bustanini hata kwa dakika.

Sasa udongo, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mchanga wetu haushiki maji wala mbolea. Kiangazi nalima tuta la kuzama, kina cha kiganja, ili maji yasikimbie. Masika nageuza, naliinua. Samadi ya mbuzi iliyoiva, ndoo juu ya ndoo, na matandazo ya majani makavu ya mkorosho, ambayo huku kwetu ni bure.

Nyanya ikinyauka ghafla ilhali majani bado mabichi, kata kipande cha shina ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya, usidanganywe. Ng'oa, choma, na hapo usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala pilipili kwa misimu kadhaa. Panda mahindi. Joto letu hapa linafaa: lowesha tuta, lifunike nailoni inayopitisha mwanga wiki nne hadi sita za jua kali, ukandamize kingo kwa udongo. Minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi, na vimelea vingi vya tabaka la juu hupungua.

Kisima cha karibu na bahari onja maji yake kwanza. Yakiwa na chumvi, sahau maharage. Mchicha na spinachi huvumilia, nyanya ziko katikati. Mwagilia shinani, si juu ya majani, na bora maji mengi kwa mkupuo kuliko kidogo kidogo, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi.

Wenye mikorosho jirani, msimu wa kupulizia mikorosho vumbi la salfa, dawa ya ukungu, mboga ioshwe vizuri zaidi. Matango nayapanda upande usiopigwa na vumbi lile, maana salfa na jua kali huunguza majani yake.

Kwa matunda, mpapai ndio wa kuanza nao. Weka miche mitatu kila shimo, subiri maua, bakiza mmoja unaozaa. Madume ng'oa, ukiacha mmoja au wawili kwa bustani nzima. Shimo liwe kwenye kituta kidogo kilichoinuka, kwa sababu mizizi ikilala majini siku mbili tatu mti umekufa. Kama kiwanja chako ni bonde la udongo mweusi usihangaike na papai, panda migomba.